Chupa Moja Iliyokosekana

Babu yangu alikuwa na debe la mrututu, ile salfeti ya shaba ya bluu, kwenye stoo ya kihamba chetu, Kilimanjaro. Aliuchanganya na chokaa, akapulizia mibuni dhidi ya kutu ya majani, na hatukuruhusiwa kuugusa. Nami niliugusa, bila shaka. Nilichukua punje tatu nikaziweka kwenye kifuniko cha bati juu ya jiko la mkaa kuona kama zitayeyuka kama sukari. Hazikuyeyuka. Ile bluu ilififia taratibu mpaka zikabaki nyeupe kama unga wa muhogo. Nikaogopa kwamba nimeziua, nikazimwagia maji, na bluu ikarudi papo hapo.

Babu alinichapa. Leo najua kwamba siku ile nilikuwa nimeyafukuza maji yaliyoizunguka shaba, kisha nikayarudisha. Lakini nilimaliza shule nzima ya sekondari bila mtu kuniambia hivyo.

Yeyote aliyefanya praktikali ya kemia kidato cha nne anaikumbuka ile ya amonia. Unamimina tone kwenye mmumunyo wa mrututu, mashapo ya bluu mpauko yanajitokeza. Unaongeza amonia, mashapo yanatoweka, na bomba zima linageuka bluu nzito ya wino. Tulikariri maneno ya kuandika, tukapata maksi, tukaosha mabomba. Swali halikuulizwa: shaba ina mikono miwili tu, yote miwili imeshikwa na salfeti, amonia nayo imejitosheleza, haidaiwi wala haidai. Sasa hizi amonia zinashika wapi?

Swali hilo hilo liliwaumiza vichwa wanakemia wa Ulaya karibu karne nzima. Mimi nilikuja kulikuta chuo kikuu, nikalifanyia shahada ya pili, na aliyenifikisha huko ni mtu aliyekufa mwaka 1919 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Zürich.

Alfred Werner alizaliwa Mulhouse, jimbo la Alsace, tarehe 12 Desemba 1866. Alipokuwa mtoto wa miaka minne hivi, mji wao ulitoka mikononi mwa Wafaransa ukaingia kwa Wajerumani. Nyumbani waliendelea kuongea Kifaransa. Kazi zake nyingi za kisayansi aliziandika kwa Kijerumani. Uraia aliuchukua wa Uswisi. Alisomea Polytechnikum, chuo cha ufundi cha Zürich, na huko hisabati ilimtesa, hasa ile jiometri ya kuchora maumbo. Wanafunzi wangu wanaolia na hesabu huwa nawaambia jambo hilo, kwa sababu jina lake limebaki duniani kwa jiometri.

Mwaka 1890 alipata udaktari wake chini ya Arthur Hantzsch kwa kazi ya naitrojeni na namna vifungo vyake vinavyoelekea huku na kule. Akakaa Paris muda mfupi kwa mwanakemia Berthelot, akarudi Zürich kufundisha bila cheo cha maana. Usiku mmoja akashtuka usingizini saa nane na jibu likiwa limesimama kichwani. Akaamka, akaandika usiku ule, akaandika asubuhi, hakuinuka mezani mpaka saa kumi na moja jioni. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Makala ilitoka 1893, akiwa na miaka 26.

Watu hupenda kuishia hapo, kwenye ule usiku. Mimi naona usiku ule ulikuwa sehemu rahisi. Kijana huyu alikuwa hajatengeneza kwa mkono wake hata chumvi moja ya aina aliyoiandikia. Ushahidi wote aliutoa kwenye chupa za mtu mwingine, na mwenye chupa hakukubaliana naye.

Mwenye chupa aliitwa Sophus Mads Jørgensen, wa Copenhagen, Denmark, karibu miaka thelathini zaidi kwa umri. Alikuwa fundi hasa. Kwa miaka alikuwa akitengeneza chumvi za kobalti na amonia, anazisafisha, anazipima, anachapisha. Ni chumvi zinazopendeza kuliko zote ninazozijua. Kloridi ya kobalti yenye amonia sita ni ya rangi ya chungwa mbivu. Ikibaki na amonia tano, inakuwa zambarau nyekundu kama maji ya tunda la zambarau. Ikiwa na nne, inakuwa kijani. Elementi ni zile zile, hesabu tu ndiyo imebadilika, na rangi inaruka hivyo.

Sasa chukua nitrati ya fedha, ile ile ya praktikali ya kidato cha nne, inayotoa mashapo meupe ikikutana na kloridi. Kila moja ya chumvi hizi ina kloridi tatu. Ya chungwa inatoa zote tatu. Ya zambarau inatoa mbili, ya tatu inagoma. Ya kijani inatoa moja tu. Kwa nini kloridi mbili zijifiche amonia mbili zinapoondoka?

Jørgensen alikuwa na jibu lililorithiwa kutoka kwa Msweden Blomstrand: amonia zinashikana mnyororo, moja nyuma ya nyingine, kama mabehewa ya treni, na kloridi inakaa mwishoni mwa behewa la mwisho. Iliyo mbali na kobalti inatoka kwa urahisi, iliyoshikana na kobalti moja kwa moja haitoki. Msicheke. Kaboni hujipanga minyororo hivyo hivyo, na kemia ya kaboni ndiyo ilikuwa mfalme wakati ule.

Werner alisema hakuna mnyororo. Kobalti imekaa katikati na ina nafasi sita kuizunguka. Nafasi hizo hazihusiani na ile mikono mitatu ya chaji. Ni ushikaji wa aina ya pili. Amonia ikiondoka, nafasi haibaki wazi, kloridi inaingia ndani kuijaza, na ikishaingia imekuwa mtu wa nyumbani, haimwitikii fedha mlangoni. Kilichobaki nje ndicho kinachotoka. Sita ndani, siku zote sita.

Na hizo nafasi sita ziko wapi? Hapa huwa naingia darasani na chungwa na njiti. Choma njiti mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Mwili wa mtu aliyesimama unatosha kueleza: huko kote unakoweza kuguswa. Ndiyo oktahedroni, na ndiyo jiometri ya yule aliyeshindwa jiometri.

Haya, unathibitishaje umbo la kitu ambacho hakuna hadubini ya wakati ule ingeweza kukiona? Kwa kuhesabu. Sijui kazi nyingine duniani ambapo kuhesabu chupa kwenye rafu kunakuambia umbo la kitu kisichoonekana, na kama kuna sababu iliyonifanya niolewe na kemia hii kabla ya kuolewa na mume wangu, ni hiyo.

Chukua ile chumvi ya amonia nne na kloridi mbili. Kama nafasi sita zimekaa bapa kwenye duara, kama chapati iliyokatwa vipande sita, kloridi mbili zinaweza kukaa jirani, zikaruka kipande kimoja, au zikaelekeana. Namna tatu, kwa hiyo chumvi tatu tofauti. Kama zimekaa kama hema, pembetatu mbele na pembetatu nyuma, ukihesabu utapata tatu pia. Lakini kwenye chungwa, zungusha utakavyo, ni mbili tu: kloridi zimekaa jirani, au zimeelekeana pande mbili za chungwa. Darasani nawapa korosho nne na tende mbili wachome kwenye njiti, na kila mwaka yupo anayeapa amepata ya tatu. Tunaligeuza chungwa lake, inaonekana ni ya jirani tu iliyosimama kichwa chini. Tende wanakula.

Basi kazi ikawa kwenda rafuni. Kwa amonia, chupa iliyokuwapo ilikuwa moja, ya kijani. Werner alisema lazima kuwe na ya pili, na rangi yake aliweza kuibahatisha kwa sababu Jørgensen mwenyewe alikuwa ametengeneza ndugu zake akitumia ethilinidayamini, kitu chenye mikono miwili kinachoshika nafasi mbili kwa mpigo. Huko zilikuwapo mbili, ya kijani na ya zambarau. Jørgensen akajibu kwamba tofauti hiyo inatokana na hiyo ethilinidayamini yenyewe. Nionyeshe ya zambarau yenye amonia tupu, ndipo tuzungumze. Halikuwa jibu la mtu mkaidi. Ningekuwa msimamizi wa Werner ningemdai chupa hiyo hiyo.

Chupa ilipatikana 1907. Miaka kumi na minne baada ya ile makala.

Kabla ya hapo alikuwa hajakaa bure. Yeye na Mwitaliano Arturo Miolati walipitisha umeme kwenye mimumunyo: ya amonia sita ilionyesha ayoni nne, yaani chembe nne zenye chaji, ya tano ikaonyesha tatu, ya nne ikaonyesha mbili, na walipofika kwenye jamii ya amonia tatu umeme ukakaribia kukatika kabisa, kama nadharia ilivyodai. Makala ya 1893 ilimpatia kazi Chuo Kikuu cha Zürich, ingawa miaka ya mwanzo aliwekwa kufundisha kemia ya kaboni. Maabara yake ilikuwa sehemu ya chini ya jengo, giza na hewa nzito, wanafunzi wakaiita Katakombe, makaburi ya chini ya ardhi. Jengo jipya lilikuja 1909.

Katika giza hilo walipita wanafunzi wa udaktari wapatao 200, na si wachache walikuwa wanawake, maana Zürich ilikuwa imewafungulia wanawake mlango tangu miaka ya 1860 wakati vyuo vingi vya Ulaya vimeufunga. Mmoja, Edith Humphrey, alitoka London, akapata udaktari 1901 kwa kazi ya chumvi za kobalti, na akawa msaidizi wa Werner. Aliishi miaka zaidi ya mia moja. Nilipokuwa mwanamke pekee kwenye benchi yetu nilikuwa namwaza sana huyo dada.

Maana benchi yangu nayo ilikuwa na Katakombe yake. Ilikuwa ghorofa ya tatu, na maji hayakufika ghorofa ya tatu. Ukitengeneza ile ya ethilinidayamini unachanganya kloridi ya kobalti nayo kwenye maji, halafu unapitisha hewa kwa saa nyingi ili kobalti ipoteze elektroni yake ya tatu. Vitabu vinasema tumia pampu ya bomba la maji. Bomba lilikuwa linakohoa kutu. Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa akiniita mwanangu, akaniletea kipampu cha tangi la samaki. Kikafanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika saa sita mchana na kurudi usiku, na mchanganyiko wangu ukashinda umekaa, rangi ya kahawia isiyo na jina. Niliumwaga nikalia kidogo kwenye sinki lisilo na maji.

"Mwanangu," yule mzee akasema, "umemwaga nini, na haukuwa umekufa?" Alikuwa na haki. Ningeweza kuurudishia hewa kesho yake.

Mara ya nne ikakubali. Unaongeza asidi kali ya haidrokloriki, unakausha taratibu juu ya maji yanayochemka mpaka utando ugande juu, unaacha ipoe. Asubuhi nikakuta fuwele za kijani, kijani ya mgongo wa mbawakawa, zinang'aa. Zile zenye kloridi zilizoelekeana. Kisha nikachukua kidogo, nikayeyusha kwenye maji safi bila asidi, nikakausha tena juu ya mvuke. Kijani ikaanza kulegea, ikapita kwenye rangi ya matope, ikatua kwenye zambarau. Kloridi zilikuwa zimehama, sasa ziko jirani. Sikuongeza kitu, sikuondoa kitu. Nilikaa nikakumbuka mrututu wa babu.

Turudi 1907. Jørgensen alipoiona chupa ya zambarau alikubali kwamba ameshindwa, mara moja, bila kuzungukazunguka. Nimesoma mabishano mengi ya kisayansi na sijaona mengi yaliyofungwa hivyo. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza chumvi ya iridi yenye amonia tatu, ikakataa kutoa kloridi kwa fedha, kinyume na mnyororo wake mwenyewe, na hilo nalo alilitangaza. Nadharia ya Werner ilijengwa kwa matofali ya Jørgensen. Angekuwa mpimaji mzembe, au mtu wa kuficha, kijana wa saa nane usiku asingekuwa na cha kuotea.

Lakini wenye akili kali watakuwa wameshaona tundu. Kukosekana kwa chupa ya tatu hakuthibitishi kwamba haiwezekani. Labda ni ngumu tu kutengeneza. Ile ya pili si ilichukua miaka kumi na minne? Hoja ya kutokuwepo ni hoja ya mguu mmoja, na Werner alilijua hilo.

Mguu wa pili ulikuwa kandambili. Ya kushoto na ya kulia zimetengenezwa sawasawa, lakini huwezi kuzilaza moja juu ya nyingine zikalingana zote zikitazama juu. Kama umbo ni chungwa, na ukafunga ethilinidayamini mbili na vitu vingine viwili vilivyokaa jirani, utapata molekuli za kushoto na za kulia. Kandambili hizi haziwezi kutenganishwa kwa macho, ila zinauzungusha mwanga uliochujwa utikisike upande mmoja, moja huku na nyingine kule. Mwanafunzi wake Mmarekani, Victor King, alihangaika na jambo hilo kwa muda mrefu, na 1911 akazitenganisha kwa kuzishikisha chumvi ya asidi iliyotokana na kafuri, ambayo yenyewe ina upande mmoja tu, kama mguu wa kulia unaochagua kandambili yake.

Nobeli ya kemia ikaja 1913, ya kwanza kwa Uswisi katika somo hilo.

Wabishi bado walikuwapo. Kuzungusha mwanga, walisema, ni tabia ya kaboni, na ethilinidayamini ina kaboni. Hapa Werner alifanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1914 aliuzungusha mwanga kwa chumvi isiyo na hata chembe moja ya kaboni: kobalti nne, moja katikati, zimeunganishwa kwa oksijeni na haidrojeni, amonia zimezunguka nje. Aliyeshughulika nayo maabara ni mwanafunzi Sophie Matissen. Na unajua nani alikuwa ameitengeneza chumvi hiyo kwanza, miaka mingi nyuma, bila kujua alichoshika? Jørgensen. Alifariki Aprili mwaka huo huo.

Werner mwenyewe hakufika mbali. Kazi bila kupumzika na pombe kwa miaka, mishipa ya damu ikakakamaa hadi ya ubongo, kumbukumbu ikaanza kumtoroka. Aliacha uprofesa Oktoba 1919, akafa Novemba 15, ana miaka 52. Miaka miwili baadaye, 1921, mionzi ya eksirei ilipitishwa kwenye fuwele ya chumvi ya platini, na klorini sita zikaonekana zimekaa pale pale alipozichoma kwenye chungwa.

Nimeacha utafiti. Fuwele zangu za mwisho zilihitaji kupigwa eksirei nje ya nchi, zikapotea njiani, ada ikaisha, mtoto akazaliwa, nikapata kazi ya kufundisha. Sisikitiki kama watu wanavyodhani. Ila kuna siku mbili tatu ambapo kemia hiyo imenifuata mpaka nyumbani.

Moja ni siku niliyomsindikiza mama mdogo kwenye matibabu ya saratani ya shingo ya kizazi. Muuguzi alining'iniza mfuko wa dripu, nikasoma jina: cisplatin. Platini, amonia mbili, kloridi mbili, zimekaa bapa pembe nne, kloridi zikiwa jirani. Michele Peyrone aliitengeneza 1844 na haikuwa na kazi. Mwaka 1893, kwenye makala ile ile, Werner alieleza kwamba kuna mbili, ya jirani na ya kuelekeana. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, Michigan, alipitisha umeme kwenye bakteria kwa waya za platini, bakteria wakaacha kugawanyika wakarefuka kama uzi, na mwizi akaonekana kuwa platini iliyokuwa ikivuja. Ya jirani ndiyo dawa, kwa sababu nafasi zake mbili zinabana sehemu mbili za jirani kwenye DNA. Ya kuelekeana haitibu. Mama mdogo alikuwa anatapika kwenye beseni, nami nimeshika beseni nikihesabu nafasi. Akaniuliza natabasamu nini. Sikuwa na jibu fupi.

Nyingine ni simu yangu. Betri nyingi za simu zina oksidi ya kobalti, na kila kobalti humo imezungukwa na oksijeni sita, chungwa na njiti zake. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia sasa inachimbwa upande wa Kolwezi, Kongo, na baadhi yake inatolewa kwa sururu na watu wanaoitana kwa Kiswahili mashimoni. Jina lenyewe la kobalti limetokana na jini la migodini la Kijerumani, kobold, lililosingiziwa kuharibu madini ya wachimbaji wa zamani. Wa Kolwezi hawahitaji kuambiwa kuhusu majini.

Nina kichupa cha zile fuwele za kijani, kimefungwa kwa nta, kina miaka kumi na minne sasa. Lebo imefutika. Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha sita, yule anayeapa kila mara kwamba amepata ya tatu, alikiona kwenye droo.

"Madam, ile ya zambarau iko wapi?"

Nikamwambia imo humo humo. Akanitazama kama ninavyotazamwa mara nyingi. Tukavunja nta, akachukua punje mbili kwa kijiko, akaweka maji, akawasha jiko. Tulikuwa tumechelewa, mlinzi anagonga mlango akitaka kufunga, na ile kijani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kulegea.